Ekzosi ya spoti kwenye Boxer ya kupandia Lushoto: uchambuzi wa kisa kimoja

Pikipiki hii, Boxer BM 150, ililetwa gereji na malalamiko matatu kwa mpigo. Inakunywa mafuta kuliko zamani. Ikipanda kona za Soni, njiani kati ya Mombo na Lushoto, ikiwa na abiria inadai gia ya pili mahali ilipokuwa inakwenda na ya tatu bila shida. Na ikiteremka kuelekea Mombo inapiga mafataki mpaka wapita njia wanageuka. Dereva wake, kijana wa bodaboda anayeendesha kwa mkataba, alikuwa ameshapita kwa mafundi wawili. Wa kwanza alimbadilishia plagi. Wa pili alisafisha kabureta, akarekebisha tapeti, akachomoa plagi na kumwambia rangi yake ni nzuri, injini haina tatizo. Ekzosi hakuna aliyeigusa. Ilikuwa mpya, inang'aa, na mwenyewe alikuwa akiisifia.

Tatizo lilikuwa hapo hapo kwenye kung'aa, ila si kwa namna moja. Kulikuwa na makosa matatu tofauti yaliyofungwa kwenye bomba moja, na kila kosa lilikuwa na dalili yake. Ndiyo maana kisa hiki kinafaa kuelezwa kirefu: watu wengi wakiona pikipiki imeharibika baada ya kubadili ekzosi hutoa jibu moja tu, ama "rudisha ya zamani" ama "ongeza jeti" (kitundu cha kabureta kinachopitisha petroli), na wote wawili wanaweza kukosea.

Ilivyoanza

Ekzosi ya kiwandani ilitoboka upande wa chini. Hilo ni la kawaida kwa bodaboda, na chanzo chake si mvua. Petroli ikiungua hutoa mvuke, na lita moja ya petroli hutoa maji yanayokaribia lita moja. Pikipiki ikienda mwendo mrefu, ekzosi inapata moto wa kutosha na mvuke wote unatoka. Ikiwa kazi yake ni safari fupifupi za kutoka stendi hadi sokoni na kurudi, maji yanabaki chini ya mtungi (sehemu nene ya nyuma ya ekzosi), yanachanganyika na tindikali za moshi, na chuma kinaliwa kutoka ndani. Ukiona tundu kwa nje, ujue ndani kumeshakwisha zamani. Kiraka cha kuchomelea hushika kwa muda, kisha tundu jingine hutokea pembeni yake, kwa sababu fundi anachomelea kwenye bati lililobaki jembamba.

Kwa hiyo kijana alilazimika kununua. Mbele yake zilikuwapo njia nne: orijino kutoka kwa wakala, kopi ya umbo lile lile, mtumba uliotolewa kwenye Boxer nyingine, au mtungi mfupi wa spoti unaouzwa kwa pikipiki yoyote. Akachukua wa spoti. Bei ilikuwa chini ya orijino, lakini alipoulizwa vizuri akasema sababu ya kweli: mlio. Wateja wake wa asubuhi wanakaa juu ya barabara, kwenye mashamba ya karoti na kabichi, na alitaka wamsikie kabla hajafika. Sababu hiyo siicheki. Kwenye milima ile sauti inafika kabla ya macho, na mtu anayetafuta hesabu ya tajiri, mwenye pikipiki, kila siku anatumia alicho nacho.

Mitungi hii ya kufunga popote huja na mdomo mpana, mara nyingi milimita 51, pamoja na pete za kupunguzia hadi milimita 38. Bomba la mbele la Boxer ni jembamba kuliko hata pete ya mwisho. Aliyemfungia alikata bomba la zamani karibu na pale linapopinda chini ya injini, akaunganisha kwa kipande cha bomba kipana kuliko lile la kiwandani, akachomelea, akarudisha gasketi (pete ya kuzibia kiungo) ile ile ya zamani kwenye silinda hedi, kichwa cha injini. Mtungi wenyewe haukushikwa na chochote nyuma. Ulining'inia kwa bomba lake tu, kwa sababu mahali pa bolti ya kushikia palikwenda na ekzosi ya zamani.

Kusoma dalili

Kitu cha kwanza kufanya kwenye kesi kama hii ni kutafuta uvujaji, na kazi hiyo inafanywa injini ikiwa baridi. Unawasha, unaiacha sailensa (ingurume yenyewe bila kuvuta mafuta), unachukua kitambaa kinene na kuziba mdomo wa nyuma wa ekzosi kwa sekunde chache. Mfumo ukiwa mzima, injini inalegea na kutaka kuzimika. Ukivuja, utasikia "tsi, tsi, tsi" mahali panapovuja. Hapa sauti ilitoka pande mbili: kwenye gasketi ya hedi, ambako tayari kulikuwa na masizi meusi yaliyoenea juu ya mapezi ya silinda, na kwenye kiungo cha kuchomelea, ambako kulikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Nati moja ya stadi (bolti isiyo na kichwa iliyozama kwenye hedi) ya ekzosi ilikuwa imelegea kabisa.

Mafataki ya kwenye mteremko yanaelezwa hapo. Ukifunga mafuta kwa ghafla huku pikipiki inateremka na gia, injini inaendelea kuzunguka lakini mchanganyiko wa petroli na hewa unaoingia ni mchache na hauungui vizuri. Petroli kidogo isiyoungua inaingia kwenye ekzosi. Peke yake haiwezi kulipuka, haina hewa ya kutosha. Lakini shinikizo ndani ya bomba halisimami mahali pamoja. Kila baada ya pumzi ya moshi hushuka chini ya shinikizo la nje kwa kitambo kidogo sana, na palipo na ufa hewa safi inanyonywa kuingia. Petroli imepata hewa, chuma ni cha moto, imelipuka. Watu wengi wanadhani uvujaji ni moshi kutoka tu. Hewa inayoingia ndiyo yenye madhara.

La pili ni plagi, na hapa ndipo fundi aliyetangulia alipodanganywa na mlima. Alisoma plagi Lushoto mjini, akaona rangi ya biskuti, akaridhika. Nami niliiona hivyo hivyo. Lakini kijana alikuwa amesema kwamba joto kali analisikia miguuni akiwa chini, si akiwa juu, na neno hilo lilistahili kufuatiliwa. Mji wa Lushoto uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Mombo, umbali wa kilomita zipatazo 33 kwa barabara ya kona, iko chini yake kwa karibu mita elfu moja. Hewa ya juu ni nyepesi, takriban moja ya kumi pungufu kuliko ya chini. Kabureta haijui hilo. Inaendelea kutoa petroli karibu ile ile, kwa hiyo ukipanda mchanganyiko unakuwa na mafuta mengi, na ukiteremka unakuwa na hewa nyingi.

Sasa weka ekzosi iliyo wazi. Kwenye injini kama hii, ukipunguza kizuizi huku jeti zikibaki za kiwandani, mchanganyiko huelekea kwenye hewa nyingi. Kule Lushoto makosa mawili yalifutana: mwinuko uliongeza mafuta, ekzosi ikaongeza hewa, plagi ikatoka na rangi ya kupendeza. Kule Mombo hakuna cha kulipa deni hilo. Plagi iliyochomolewa Mombo, baada ya kuvuta mafuta kwa nguvu, kukata injini klachi ikiwa imeshikwa na kusukuma hadi pembeni, ilikuwa nyeupe. Bomba la mbele nalo lilikuwa limegeuka bluu mpaka karibu na kona ya kwanza. Rangi ya bluu peke yake si ushahidi, maana mabomba mengi hubluuka kidogo, lakini bluu na plagi nyeupe kwa pamoja zinasema kitu kimoja: hewa nyingi, mafuta machache.

Anayefanya kazi kwenye sehemu zenye tofauti ya mwinuko kama hii, iwe Mombo na Lushoto au Mto wa Mbu na Karatu, asisome plagi sehemu moja tu. Na asome ya chini kwanza, kwa sababu ndiko injini inakounguza pistoni.

Nguvu ilikwenda wapi

Lalamiko la mlima lilikuwa gumu zaidi, kwa sababu hata uvujaji ulipozibwa halikuondoka.

Boxer BM 150 ina injini ya cc 144.8 inayotoa msokoto (nguvu ya kuzungusha) wa juu kabisa, Nm 12.26, kwenye mizunguko 5,000 kwa dakika, na nguvu ya juu, PS 12 (nguvu farasi), kwenye 7,500. Bodaboda aliyepakia abiria na gunia la viazi hapandi kwenye 7,500. Anapanda chini ya 5,000, mara nyingi chini sana. Huko ndiko bomba la kiwandani lilikotengenezwa kufanyia kazi.

Kwenye mizunguko 5,000 mzunguko mmoja unachukua milisekunde 12. Valvu ya moshi ikifunguka, pigo la shinikizo linakimbia ndani ya bomba kwa mwendo wa sauti, ambao kwenye moshi wa moto ni kama mita 500 kwa sekunde au zaidi. Likifika mahali bomba linapopanuka ghafla, sehemu yake inarudi ikiwa imegeuka kuwa mnyonyo. Bomba la urefu wa mita moja linarudisha mnyonyo huo baada ya milisekunde nne hivi, na mwangwi wake unaendelea kwenda na kurudi. Mnyonyo ukifika kwenye valvu wakati mwafaka, mwishoni mwa kutoa moshi, valvu zote mbili zikiwa zimefunguka kwa pamoja kidogo, unavuta mabaki ya moshi nje na kuusaidia mchanganyiko mpya kuingia. Ukifupisha bomba, mnyonyo unawahi. Wakati wake mwafaka unahamia kwenye mizunguko ya juu. Ukilipanua, moshi unapunguza kasi na kishindo chake kinafifia, hasa kwenye mizunguko ya chini. Mtungi wa kijana ulifanya yote mawili. Nguvu ya Boxer ilihamia kule ambako yeye hafiki.

Na hapo ndipo petroli ilipokuwa ikipotelea. Kupanda kwa gia ya pili badala ya tatu ni mizunguko mingi zaidi kwa kila kilomita, siku nzima.

Kuna msemo gereji nyingi: injini inahitaji kuzibwa kidogo nyuma, ikiachwa wazi inakosa nguvu. Matokeo wameyaona sawa, sababu si hiyo. Injini ya mapigo manne haifaidiki na kuzibwa. Inafaidika na moshi wenye kasi na mnyonyo unaofika kwa wakati. Nadhani msemo huo umerithiwa kwa sehemu kutoka enzi za tustroku, injini za mapigo mawili, ambazo mchanganyiko wake mpya hukimbilia ekzosi na bomba lazima liurudishe kwa pigo la shinikizo. Kwa injini hizo bomba lilikuwa jambo la kufa na kupona. Mhandisi Walter Kaaden aliifanya MZ, kampuni ya pikipiki ya Ujerumani Mashariki, iogopwe kwenye mashindano kwa kulichora bomba vizuri, na mwaka 1961 dereva wake Ernst Degner alitorokea Magharibi na maarifa hayo kichwani. Mwaka uliofuata Suzuki ikatwaa ubingwa wa dunia wa cc 50, Degner akiwa juu ya kiti.

Kujaribu kitu kimoja kimoja

Kosa la kawaida ni kubadili gasketi, jeti na bomba siku moja, kisha pikipiki ikipona hujui kilichoiponya. Tulianza na gasketi mpya na kiungo kuchomelewa upya, bomba lile lile la spoti. Mafataki ya mteremko yalipungua mno, yakabaki machache. Mlima haukubadilika.

Kisha jeti kubwa ya namba moja juu. Plagi ya Mombo ikapata rangi, joto likapungua. Lakini ya Lushoto ikaanza kuwa nyeusi, na kwenye kona za Soni gia ya tatu bado ilikuwa inakataa. Hili ndilo jambo ambalo watu wa "ongeza jeti" hawalisemi: jeti hurekebisha uwiano wa mafuta na hewa, hairudishi mnyonyo uliopotea. Mbaya zaidi, kwa mtu anayepanda na kushuka kila siku, ukipata jeti inayofaa chini umejipatia isiyofaa juu. Ekzosi ya kiwandani na jeti za kiwandani zina uvumilivu mpana zaidi kwa sababu haziko ukingoni.

Mwisho tuliazima ekzosi nzima kutoka Boxer nyingine, tukarudisha jeti ya awali, tukapakia abiria yule yule. Gia ya tatu ikapita Soni. Kuazima kwa saa chache kunatoa jibu ambalo mabishano ya wiki nzima hayatoi, na mwenye kijiwe chenye pikipiki za aina moja hana sababu ya kubahatisha.

Kuchagua ya kununua

Orijino ilimshinda bei, ikabaki kopi. Kopi si zote sawa, na dukani hakuna kipimo zaidi ya mikono na macho. Zinyanyue mbili za umbo moja: nyepesi mno ina bati jembamba na ndani huenda hakuna vyumba wala mabomba madogo. Itikise, kitu kikicheza ndani, weld imeshaachia kabla hujailipia. Mulika tochi kutoka nyuma. Ukiona moja kwa moja hadi mbele kwenye ekzosi iliyopaswa kuwa na vyumba, hilo ni kopo tu. Kisha geuza upande wa mbele, ule unaokaa kwenye hedi, upitishe kidole ndani. Kopi nyingi zina ukingo wa weld uliojitokeza kwa ndani, unaoziba sehemu ya njia ya moshi pale pale mlangoni. Ya kijana ilikuwa nao, tukausaga kwa tupa hadi ukawa laini. Pima pia tundu la bolti ya nyuma kwa kulinganisha na ya zamani. Likipishana hata kidogo, utalazimisha, na bomba lililolazimishwa linapasuka.

Anayetaka spoti kwa sababu zake, na pikipiki yake inapita tambarare kwa mizunguko ya juu, bado anaweza. Ila atafute inayobakiza kipenyo cha bomba la mbele, yenye bomba la matundu lililozungushiwa pamba ya kioo na kizibo cha kelele kinachotolewa, na aandae pesa ya jeti kabla ya pesa ya mtungi. Zile za Ulaya zilizopimwa kelele kwa Kanuni namba 92 ya Umoja wa Mataifa, ya ekzosi za kubadilishia, huwa na herufi E ndani ya duara na namba ya nchi: 1 Ujerumani, 3 Italia, 4 Uholanzi, 9 Hispania. Muhuri huo ni wa ekzosi kwenye pikipiki fulani iliyotajwa. Kwenye Boxer hauthibitishi chochote, na kugonga E kwenye bati ni kazi nyepesi kwa anayeuza feki.

Kuhusu kelele yenyewe, trafiki wana neno lao na kanuni za mazingira za Tanzania za mwaka 2015 za kudhibiti kelele na mitetemo zipo. Mimi nilimwambia kuhusu masikio yake. Kiwango kinachotumiwa sana kazini ni desibeli 85 kwa saa nane, na kila desibeli tatu zikiongezeka muda salama unakatwa nusu. Yeye hukaa juu ya pikipiki zaidi ya saa nane.

Kufunga

Stadi za ekzosi zimezama kwenye alumini, na ndizo zinazokatika. Zilimwagiwa mafuta ya kulegeza kutu tangu usiku. Nati ikigoma asubuhi, unaifungua kidogo, unairudisha, unaifungua tena. Ukiivuta kwa hasira utalipa kuchimba stadi, na huenda hedi nzima ishuke. Gasketi ya zamani ilitolewa kwa bisibisi ndogo. Ilikuwa imebanwa mpaka inafanana na sehemu ya hedi, na ndiyo sababu wengi hufunga mpya juu ya ya zamani bila kujua.

Nati zote zinaanza kwa vidole: mbili za hedi, kisha bolti ya nyuma pamoja na mpira wake. Bomba likishakaa bila kulazimishwa, zinakazwa za hedi kwa kupokezana, nusu mzunguko huku nusu mzunguko kule, na ya nyuma inakuwa ya mwisho. Ukianza na ya nyuma, gasketi inabanwa upande mmoja na utarudi pale pale pa mafataki. Stadi zilipakwa grisi ya shaba ili safari ijayo isiwe vita. Kinga ya joto ya ekzosi ya zamani ilikuwa bado nzima, ikahamishiwa kwenye mpya, maana mtungi wa spoti haukuwa nayo kabisa na kijana alikiri kwamba abiria mmoja alishaungua shavu la mguu wakati wa kushuka. Moshi mweupe wa dakika za kwanza ni mafuta ya kiwandani yanayoungua juu ya bati. Injini ikishapoa, nati za hedi zinakazwa tena, kwa sababu gasketi mpya hukaa baada ya joto la kwanza.

Kilichobaki ni tajiri, ambaye alitaka kujua kwa nini bomba la pikipiki yake lilikatwa bila yeye kuambiwa. Mkataba wao haukusema lolote kuhusu kubadili vifaa. Wakaandika mstari kwamba kifaa chochote cha injini kinabadilishwa kwa makubaliano, na kwamba ekzosi ikitoboka yenyewe kwa kutu ni gharama ya mwenye pikipiki. Mstari huo wa pili kijana aliudai mwenyewe, na alikuwa na haki. Mtungi wa spoti ameuweka nyumbani anatafuta mteja, na kwa ajili ya wale wa mashambani amefunga honi yenye sauti mbili.